Simu hii ya zamani ni ya analogi au ya dijitali? Namna ninavyoikagua mezani kwangu

Mimi ni fundi wa simu, na kabla ya simu nilikuwa fundi wa redio. Haipiti miezi mingi kabla mtu hajanijia na simu aliyoikuta kwenye sanduku la marehemu baba yake, nzito, antena imechomoza, na swali lake huwa hilohilo: "Fundi, hii bado inapiga?" Jibu halipatikani kwa kuichomeka kwenye chaja na kungoja taa iwake. Kwanza ujue simu yenyewe ni ya analogi, inayobeba sauti kama wimbi, au ya dijitali, inayoigeuza sauti kuwa namba, maana ndani yake hizo mbili hazina undugu, hata kama kava zao zinafanana. Nitaeleza ninavyofanya mimi, pamoja na sababu zake. Fundi asiyejua sababu hukariri dalili, na dalili humdanganya.

Ukubwa ni dalili ya kwanza ya uongo. Watu huamini kwamba simu kubwa ni ya analogi na ndogo ni ya dijitali. Nokia 1011 iliyotoka Novemba 1992 ni nene, ina antena ya kuvuta, na bado ni ya GSM, mfumo wa simu uliojengwa na nchi za Ulaya, dijitali halisi. Motorola StarTAC ya 1996 inakunjwa na kuingia mfuko wa shati, lakini ilipotoka mara ya kwanza ilikuwa ya analogi. Ninazo pia Nokia mbili ambazo huwapa wanafunzi wangu kila mmoja anapoanza kazi: 5110 na 5120. Ukiziweka pamoja huwezi kuzitenganisha. Vibonyezo vilevile, kioo kilekile, kava za mbele zinazobadilishwa. Ile ya kwanza ni ya GSM. Ya pili ilitengenezwa kwa ajili ya mitandao ya Amerika, inaongea dijitali ya aina nyingine iitwayo TDMA, na ikikosa mnara wa dijitali inarudi kwenye analogi. Mwanafunzi huzigeuzageuza, akachoka, ndipo ninapomwambia atoe betri.

Betri itoke kabla ya kuwasha chochote

Simu iliyolala miaka ishirini usiiwashe hata kama mwenyewe amesimama hapo anakuharakisha. Toa betri, iangalie kwa mwanga wa kutosha. Zile za zamani sana ni za nikeli na kadimi, na zikichoka huvuja: utaona unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya shaba. Huo umetokana na majimaji makali ya jamii ya magadi, kwa hiyo vaa glavu, chovya pamba kwenye siki kidogo, futa polepole, kisha pitisha pamba nyingine yenye spiriti na uache pakauke kabisa. Nikisema polepole namaanisha hivyo. Vile vichwa vimepakwa madini membamba mno, na ukisugua kwa kisu unaondoa kilichobaki.

Betri ya lithiamu ikiwa imevimba, hata kidogo, kazi yake imekwisha. Usiitoboe, usiibonyeze irudi, usijaribu kuichaji "dakika tano tu". Iweke mbali na vitu vinavyoshika moto, kisha uipeleke panapokusanywa taka za kielektroniki.

Mimi siwashi simu kuukuu kwa betri yake. Nasoma volti zilizoandikwa kwenye betri, naweka volti hizohizo kwenye kifaa changu cha umeme cha mezani, naunganisha waya kwenye vichwa vya simu. Kama nashuku ni ya GSM, naruhusu umeme ufike ampea mbili, kwa sababu simu ya GSM haitumi mfululizo. Inatuma kwa mapigo, na kila pigo linanyonya umeme mwingi kwa kitambo kidogo mno. Ukiibana kwenye nusu ampea itawaka vizuri, itatafuta mtandao, halafu itazimika ghafla wakati wa kutuma, nawe utadhani imeungua kumbe umeinyima umeme.

Kibandiko cha ndani

Betri ikishatoka, tazama chini yake. Pale pana kibandiko, na mara tisa kati ya kumi jibu liko hapo. Tumia lenzi, usiamini macho yako. Tafuta herufi.

AMPS ni analogi ya Marekani, iliyoanza biashara Chicago tarehe 13 Oktoba 1983. TACS au ETACS ni jamaa yake wa Uingereza, wa tangu 1985. NMT, yenye 450 au 900 mbele yake, ni ya nchi za kaskazini mwa Ulaya, tangu 1981. C-450 au C-Netz ni ya Ujerumani. Ukiona mojawapo ya hizo peke yake, simu ni ya analogi. Ukiona GSM, DCS 1800 au PCS 1900, ni ya dijitali. PDC ni dijitali ya Japani. TDMA na CDMA ni dijitali pia, ila nyingi za Amerika zimebeba AMPS ndani yake, kwa hiyo utakuta zimeandikwa aina mbili.

Kama herufi zimefutika na kilichobaki ni FCC ID, bado una njia. Hiyo ni namba ya kibali cha FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, na kumbukumbu zake hutafutwa kwenye tovuti ya FCC yenyewe. Ukiipata simu yako, tazama masafa yake na kile kifungu cha herufi kinachoeleza aina ya mawimbi. Simu ya AMPS huandikwa 40K0F8W, na ya GSM huandikwa kifungu kinachoishia na GXW. Ile F inasema sauti imebebwa kwa kubadilisha masafa ya wimbi, yaani FM, kama kwenye redio ya muziki. Kwangu mimi niliyetoka kwenye redio, herufi hiyo moja inatosha.

Wapo mafundi watakaokuambia ufungue simu utafute kichujio kikubwa kati ya antena na saketi, kwa maelezo kwamba simu ya analogi hutuma na kupokea kwa wakati uleule, hivyo inahitaji kitu cha kutenganisha njia mbili. Maelezo ni ya kweli. Lakini simu za CDMA nazo hutuma na kupokea pamoja, na baadhi ya GSM za mwanzo ziliwekewa kichujio cha namna hiyo, kwa hiyo mimi siifungui simu nzima kwa ajili ya dalili isiyo na uhakika.

Uliza jina la simu limekaa wapi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo tofauti kubwa ilipo.

Nilipokuwa mwanagenzi nilipewa simu ya AMPS niitengeneze. Nikamaliza asubuhi nzima nikitafuta mahali pa kuwekea laini. Nilitoa betri, nikatoa kava, nikalegeza skrubu zote, nikamulika kila ukingo kwa tochi. Hakuna. Nikamwendea mwalimu wangu nikamwambia fundi aliyetangulia ameng'oa kishikizo cha laini. Akaichukua simu, akaifunga skrubu moja moja bila haraka, ndipo akasema, "Unachokitafuta kilikuwa hakijazaliwa."

Katika AMPS simu yenyewe ndiyo iliyokuwa mteja. Kiwandani ilipigwa chapa ya namba iitwayo ESN, ya biti 32, isiyofanana na ya simu nyingine. Kampuni ya mtandao iliongeza namba yako ya simu kwenye kumbukumbu ya ndani kwa kubonyeza mfuatano wa siri kwenye vibonyezo. Ukitaka kubadilisha namba, simu ilirudi kwa fundi. Ukiuza simu, fundi tena.

Tatizo lilikuwa hewani. Kila simu ilipojitambulisha kwa mnara, ilitamka namba hizo mbili waziwazi, bila kuzificha. Mwenye kipokezi kinachofaa aliweza kuzinasa na kuziandika ndani ya simu nyingine, na mnara haukuwa na njia ya kujua mwenye haki ni nani. Mwenye simu alishtukia ankara imejaa simu ambazo hakuzipiga. Mazungumzo yenyewe nayo yalikuwa FM tupu, na mtu mwenye skana, yaani redio ya kusaka masafa, aliyasikiliza kama anavyosikiliza taarifa ya habari. Mwaka 1994 Marekani ilipiga marufuku skana mpya zinazofikia masafa ya simu hizo. Mimi naona hilo lilikuwa kufunga dirisha wakati mlango uko wazi, kwa sababu kasoro ilikuwa kwenye mfumo, si kwenye skana.

GSM ililitoa jina la mteja ndani ya simu na kuliweka kwenye kadi. Ndani ya laini mna ufunguo wa siri wa biti 128, na ufunguo huo hausemwi hewani hata mara moja. Mtandao hutuma namba yoyote iliyobahatishwa, kadi huichanganya na ufunguo wake, na kurudisha jibu la biti 32. Mtandao nao umefanya hesabu ileile upande wake. Majibu yakilingana, unaingia. Anayenasa mazungumzo hayo anapata swali na jibu ambavyo kesho havimfai kitu, kwa kuwa kesho swali litakuwa jingine. Ni kweli kwamba kufuli za GSM za miaka hiyo zimeshavunjwa na wataalamu, na leo nisingeziamini kwa siri nzito. Ila kulinganisha na AMPS, ni kama nyumba yenye kitasa dhaifu na nyumba isiyo na mlango.

Kwa hiyo fanya hivi. Tazama kibandiko: ukiona IMEI, namba ya kuitambulisha simu yenyewe, yenye tarakimu 15, ni familia ya GSM. Ikiwa inawaka, bonyeza *#06# uone kama namba ya kwenye kioo inalingana na ya kibandiko. Zisipolingana, kuna mtu amebadilisha saketi au kava. Ukiona ESN, ni AMPS, TDMA au CDMA, na hapo urudi kwenye herufi.

Lakini usifanye kosa la kudhani kwamba kutokuwepo kwa laini ni analogi na kuwepo kwake ni dijitali. Simu nyingi za CDMA hazina laini na ni za dijitali. Nayo C-Netz ya Ujerumani ilikuwa ya analogi na ilikuwa na kadi ya mteja. Tena laini za GSM za mwanzo hazikuwa ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Zilikuwa na ukubwa wa kadi ya benki, na zinaingia kwenye uwazi mwembamba ubavuni ambao vijana huudhani ni ufa.

Sikiliza

Ukipata simu ya GSM inayowaka, mahali ambapo mtandao wa 2G, yaani kizazi cha pili, ambacho GSM ni chake, bado upo, iweke na laini karibu na spika ya redio na uiwashe. Redio itatoa mlio wa kukwaruza: *drr-drr-drr*, kimya, *drrrrr*. Wale tuliotumia simu hizo tuliujua mlio huo vizuri. Ulituambia simu inaingia kabla haijaita. Sababu yake ni yale mapigo ya umeme. Katika GSM chaneli moja ya kiloherzi 200 imegawanywa zamu nane, na kila simu husubiri zamu yake, ikituma mara 217 hivi kwa sekunde. Waya za redio zinanasa mapigo hayo na kuyageuza mlio. Simu ya analogi haitoi mlio huo, kwa sababu wimbi lake hutoka mfululizo kuanzia mwanzo wa mazungumzo hadi mwisho.

Zamu hizo nane huwafanya watu waseme dijitali ilishinda kwa kubana watu wengi kwenye chaneli moja. Hebu piga hesabu: kiloherzi 200 ukigawa kwa nane ni 25, na TACS ya analogi ilimpa kila mtu kiloherzi 25. Ni sawasawa. Faida ilikuwa kwingine. Sauti ya analogi huharibiwa mapema na mnara wa mbali unaotumia chaneli ileile, kwa hiyo ilibidi minara ya chaneli moja itengane sana. Dijitali huvumilia mwingiliano mkubwa zaidi, kwa hiyo masafa yaleyale yanarudiwa karibu zaidi, na hapo ndipo watu wengi walipopata nafasi. Kulikuwa pia na sababu ya mipaka: gari lenye simu ya NMT likivuka kuingia nchi ya C-Netz lilikuwa limebeba chuma tu. Ndiyo maana nchi 13 za Ulaya zilitia saini makubaliano ya kujenga GSM Copenhagen tarehe 7 Septemba 1987, na simu ya kwanza ya mtandao huo ikapigwa Ufini tarehe 1 Julai 1991, Harri Holkeri, aliyekuwa waziri mkuu wa nchi hiyo, akimpigia naibu meya wa Tampere.

Sikio lako pia litakuonyesha tofauti katika namna simu inavyokufa. Analogi hufifia: ukiondoka kwenye mnara, shhh inapanda taratibu, sauti inazama, unakaza sikio na bado unamsikia mwenzako chini ya kelele. Dijitali haififii. Simu ya GSM hukata sauti yako vipande vya milisekunde 20, na kila kipande hupunguzwa mpaka kubaki biti 260. Kisha huongezewa biti za kinga, hugawanywa na kutumwa kwenye mapigo kadhaa, ili pigo moja likipotea mengine yaokoe. Ndiyo maana sauti hubaki safi mpaka karibu na ukingo. Vipande vyenyewe vikianza kupotea, simu hurudia kile cha mwisho, unasikia mtu anaongea kama bati, kisha kimya. Hata ule mvumo mdogo unaousikia mwenzako akinyamaza umetengenezwa na simu yako. Bila huo watu walidhani laini imekatika wakakata simu.

Sasa, je, bado inapiga?

Kama ni ya analogi: haipigi, na mwambie mwenyewe bila kuzungukazunguka. Uswidi ilizima NMT 450 mwisho wa 2007, na Marekani ilimaliza sharti la kuendesha AMPS tarehe 18 Februari 2008. Asikudanganye mtu kwamba kuna mahali pa kuunganisha laini. Wako wapenzi wa simu za kale wanaotumia programu huria ya osmocom-analog na redio ya kompyuta, wakajitengenezea mnara mdogo mezani na simu ikaita. Nimeona, na inafurahisha mno. Lakini masafa hayo sasa yana wenyewe, kwa hiyo hufanywa kwa waya na vipunguza nguvu, au kwa kibali.

Kama ni ya GSM, uliza kwanza kama kampuni ya mtandao wako bado ina 2G. Telstra ya Australia ilizima yake Desemba 2016, na AT&T ya Marekani mwanzoni mwa 2017; nyingine zinaendelea. Pili, linganisha masafa: simu yenye GSM 900 peke yake haina kazi kwenye mtandao wa 1900. Tatu, laini yenyewe. Simu za GSM za mwanzo huipa laini volti 5, na laini nyingi za leo zimetengenezwa kwa volti 3 na 1.8. Ikikuandikia laini imekataliwa, usidhani simu ni mbovu. Jaribu laini ya zamani, hata iliyokwisha muda wake. Ikiisoma majina na ujumbe uliohifadhiwa, kisomeo ni kizima.

Usijaribu simu hizi kwa kupiga namba ya dharura. Kuna mtu upande wa pili anayepaswa kupokea simu ya mgonjwa.

Kabla hujamrudishia mwenyewe, mwonyeshe majina na ujumbe uliomo, kwenye simu na kwenye laini, anakili anachotaka. Mama mmoja alikaa kwenye stuli yangu karibu saa nzima akisoma ujumbe wa mumewe, herufi 160 kwa kila mmoja, nami nikaendelea na kazi nyingine. Halafu fungasha: betri kwenye mfuko wake mbali na simu, antena imerudishwa ndani, na kikaratasi kimefungwa kwa uzi kikiwa na aina ya mfumo, masafa, IMEI au ESN, volti za betri na tarehe uliyoikagua.